Mama Docta na Mashini ya Pumzi

Miaka ile ya vita, ukipita asubuhi nyuma ya hospitali iliyokuwa karibu na tanuri letu pale Butembo, ungesikia sauti ya mwanamke akipiga kelele kana kwamba nyumba inaungua. "Puliza! Puliza! Usiache! Bado iko, bado, bado! Toa yote!" Wageni walisimama njiani wakatazamana. Wengi walidhani kuna mtu anateswa mle ndani, na kwa miaka ile hakuna ambaye angewacheka. Siku moja mama muuza samaki, aliyetoka Kyavinyonge na kapu lake, alitua mzigo chini akaanza kusali kwa sauti. Mlango ukafunguka, akatoka mzee mmoja macho mekundu, anakohoa na kucheka pamoja, na nyuma yake mwanamke mfupi mwenye koti jeupe na nywele zilizokatwa karibu na ngozi.

"Mama, unalilia nani?" akauliza yule mwanamke. "Huyu? Huyu njo ananitesa mimi. Ananipulizia nusu nusu."

Huyo ndiye Mama Docta. Jina alikuwa nalo, lakini mjini hatukulitumia, na hapa sitalitumia.

Mimi nilikuwa muoka mikate. Mikate ya hospitali ilitoka kwetu, na mimi ndiye niliyeipeleka kwa baiskeli, kwa hiyo nilimtazama kwa miaka kabla hajaweka mkono juu ya kifua changu. Nilimkuta daima peke yake chumbani, amekaa mbele ya mashini yake, kisanduku kidogo chenye bomba mbele na karatasi nyembamba inayotoka pembeni. Kabla ya mgonjwa wa kwanza alipuliza yeye mwenyewe. Aliangalia mstari wa karatasi, akakunja uso au akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Uko mugonjwa, Mama Docta?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Hapana. Mashini inaweza kusema bongo sawa mutu. Mimi najua pumzi yangu. Ikinipatia pumzi ya mutu mwingine, leo hatupimi."

Uongo ndicho kitu alichochukia kuliko vyote. Aliyepuliza kwa uvivu alimfukuza arudi mwisho wa foleni. Aliyesema hakunywa kahawa asubuhi ile, naye amekunywa, alinuswa mdomo mbele ya watu, kwa sababu kahawa inaweza kulegeza kidogo njia za pumzi na kuharibu kipimo. Katika nchi yetu inayolima kahawa, kumkataza mtu kikombe cha asubuhi ni ugomvi mkubwa. Aligombana. Aligombana pia na mafuta ya kunukia ya wake za wafanyabiashara, na moshi wa kuni, na vumbi la barabara ya Beni. Kisha jioni alipanda pikipiki yake nzee iliyotoa moshi mweusi kuliko lori, akaondoka bila aibu yoyote. Nilipothubutu kumtajia pikipiki, alinijibu, "Nitembee kwa miguu mpaka kwangu ng'ambo ile, kesho nani atapima? Weye na mikate yako?"

Na huyu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, kanisani hakuimba. Alikuwa Mprotestanti wa kila Jumapili, anakaa benchi la nyuma, anafungua kitabu cha nyimbo, midomo imefungwa. Mchungaji alimuuliza. Akasema, "Mungu anasikia vizuri. Mapafu ya batu njo hayasikii, yale njo yanahitaji kelele."

Neno moja lilimpandisha hasira kuliko yote, nalo ni normal, yaani hana kitu. Madaktari wenzake, wanaume wenye vyeo kuliko yeye, walilipenda. Mgonjwa alipimwa akiwa ametulia kwenye kiti, mstari ukatoka mzuri, wakaandika normal na kumrudisha nyumbani. Akirudi tena anakohoa, basi ilikuwa kifua kikuu, hata kama makohozi yalisema hapana. Akimaliza dawa za kifua kikuu na bado anakohoa, ikawa ni woga wa vita. Nilimjua mwalimu mmoja wa kike aliyetoka Lubero, ambaye alimezeshwa dawa hizo, akamaliza, akamezeshwa tena. Shule ilimsimamisha asiwaambukize watoto. Jirani zake walihamisha vikombe vyao. Hakuna mdudu aliyewahi kuonekana kwenye makohozi yake. Nilikuwa nikishusha mikate siku Mama Docta alipolisoma faili lake mbele ya mkubwa wake wa kazi, kwenye uwanja, watu wote wakisikia.

"Normal!" alisema. "Normal ni neno la mutu anataka kwenda kula. Kwenye kiti iko normal, ndiyo. Mais huyu mama anaishi kwenye kiti? Anapanda mulima, anafagia darasa, anapika na kuni. Mupime pale anaumia!"

"Madame, batu bote banaogopa vita," yule mkubwa alijibu polepole. "Woga nao unakaza kifua."

"Na mutu mwenye kuogopa hawezi kugonjwa? Vita imekataza magonjwa?"

Mkubwa aliondoka. Yeye alibaki na faili mkononi. Siku zilizofuata alimpima yule mwalimu kwa namna yake, akapata alichokuwa akitafuta, akaandikia shule barua kali hivi kwamba mkurugenzi alikuja mwenyewe kumrudisha kazini. Niliambiwa mwalimu alikuja kupiga magoti kumshukuru, naye akamwamuru ainuke haraka kwa sababu sakafu ina vumbi.

Namna yake ilikuwa hivi, kama alivyonielezea mwenyewe baadaye. Kuna watu wazima ambao njia zao za pumzi ni nyepesi mno kujifunga. Baridi kidogo, moshi, unga, mbio, vitu ambavyo kwa mwingine ni bure, kwao vinakaza njia kama mkono unaokaza shingo ya chupa. Lakini wakitulia njia hufunguka, na mashini haioni kitu. Kwa hiyo daktari lazima aichokoze pumzi kwa makusudi, kwa uangalifu, kisha apime tena. Alikuwa amesoma kwamba mahali pengine wanatumia dawa maalum ya kuvuta inayokaza njia hizo. Sisi dawa hiyo hatukuwa nayo. Tulikuwa na mlima na baridi ya asubuhi. Alimkimbiza mgonjwa kwenye njia ya nyuma ya maabara, pua imebanwa na kibanio cha kuanikia nguo ili avute hewa kavu kwa mdomo, na yeye mwenyewe akikimbia pembeni, vantolini, dawa ya kufungua pumzi, mfukoni. Aliyekuwa tayari anapiga filimbi kifuani hakumkimbiza. Mwenye moyo mbovu hakumkimbiza. "Kuchokoza si kuua," alisema.

Mimi nilikohoa unga. Alinisikia kila asubuhi.

"Weye mutu wa mikate, siku ya Mungu unakohoa?"

"Siku ya Mungu hapana sana."

"Na siku ya Mungu unaoka?"

"Hapana."

"Donc kuya upulize."

Niliahidi, sikwenda. Tanuri halingojei mtu. Basi kifua changu kilifika kwake kwa njia nyingine, na hadi leo nikiikumbuka njia hiyo damu inanichemka.

Askari wa waasi walikuwa wakikamata wanaume barabarani wawabebee risasi na unga. Waliita kazi ya nchi. Walinikamata kwenye njia ya kwenda kwetu Kalunguta, nikiwa na baiskeli, na baiskeli sikuiona tena. Walitutwika masanduku, tukapandishwa milima. Kwenye kilima cha kwanza nilikohoa. Cha pili niliketi. Hewa ilikuwa inaingia, kutoka inakataa. Niliusikia mluzi ndani yangu. Walinipiga kwa fimbo na kwa mikanda, wakisema ninaigiza, na kila waliponipiga nilihitaji pumzi zaidi ya ile niliyokuwa nayo. Wenzangu walipitishwa pembeni yangu na mizigo yao, wengine waliongezwa wangu. Sikuweza hata kuwaomba radhi.

Kapiteni wao alikuwa mtu aliyesoma, anavaa miwani, anapenda taratibu. Hakutaka nipigwe tu, maana watu wengi, alisema, wameanza kujifanya wagonjwa. Alitaka daktari aseme mbele ya watu kwamba mimi ni mzima, ili adhabu yangu iwe ya haki. Ndivyo alivyosema. Haki. Nililazwa kwenye kibanda cha walinzi, kifua kikalegea chenyewe, na asubuhi mapema wakanipeleka hospitali nimetulia, napumua kama mtu yeyote.

Mama Docta aliniona mlangoni, akaona michubuko ya mgongo. Uso wake haukubadilika.

"Docta," kapiteni alisema, "pima huyu. Uandike iko muzima, tuende. Tokolinga papier tu," yaani karatasi tu ndiyo wanayotaka.

"Naandika ile ninaona," akajibu.

Alinipulizisha. Safari hii hakupiga kelele, na ukimya ule ulinitisha. Karatasi ikatoka. Kapiteni aliinama, akauliza maana ya mstari. Hakumdanganya. "Kwenye kiti iko muzuri," alisema.

Kapiteni alicheka, akawageukia askari wake. "Munaona? Muzima! Muongo wa bure."

"Sijamaliza," Mama Docta akasema. "Kaa pale."

Sijui kwa nini alikaa. Nadhani hakuna mwanamke aliyewahi kumwambia kaa pale tangu aanze kubeba bunduki. Mama Docta akanivuta dirishani, akaanza kunigusa mbavu moja moja, akisema chini chini.

"Hakuna iliyovunjika. Mais mwili huu umepigwa, na haifai kuukimbiza. Ikiwa ungekuwa mugonjwa wangu wa kawaida, ningekurudisha nyumbani na dawa. Hawa hawatakurudisha. Nikikukimbiza pumzi itafungwa, itakuwa vibaya, na mimi njo nitakuwa nimefanya ile. Dawa iko hapa mufukoni. Weye njo utasema."

"Nikimbize, Mama Docta," nilisema. "Bora pumzi ikose mbele yako."

Alinibana pua. Tulikimbia ile njia ya nyuma, baridi inakata koo, mgongo unawaka, yeye pembeni viatu vinamvuka, askari nyuma yetu wanacheka. Tulirudi, nikaketi, nikapuliza. Mstari ulikuwa bado mzuri. Kapiteni alisimama akavaa kofia.

"Nimesema kaa!" Safari hii ilikuwa sauti yake halisi, ile ya asubuhi zote. "Ugonjwa huu hauji na mbio. Unakuja nyuma ya mbio, mutu akisimama. Ngoja!"

Tukangoja. Na ukaja. Kwanza kikohozi kikavu, kisha kifua kikaanza kukazwa kutoka ndani, kisha mluzi ambao askari wa mlangoni aliusikia, maana aliacha kucheka. "Puliza!" alilia Mama Docta. "Puliza, ndugu yangu, puliza, toa!" Nilipuliza kilichokuwapo. Naye akapuliza pamoja nami kwa mdomo mtupu, mishipa ya shingo imemsimama. Karatasi ikatoka, na hata mimi niliona kwamba kile kilima cha mstari kilichokuwa kirefu kimelala chini. Hapo hapo akanipa vantolini kupitia chupa ya plastiki aliyoitoboa chini, mvuto baada ya mvuto, mkono wake mgongoni mwangu pasipo na jeraha. Hewa ikarudi kidogo kidogo. Akanipulizisha tena, kilima kikainuka.

Aliziweka karatasi tatu mezani mbele ya kapiteni. "Mbele ya mbio. Nyuma ya mbio. Nyuma ya dawa. Hakuna mutu anaweza kuigiza ile. Jaribu weye."

Kapiteni alizitazama muda mrefu, kwa furaha ambayo sikuielewa. Alizikunja akazitia mfukoni. "Mashini ya muzuri sana," alisema. Kisha akawaambia askari waniache. Hakuniomba radhi. Hakuna aliyeniomba radhi mpaka leo.

Niliacha tanuri, kwa amri ya Mama Docta. Nilirudi Kalunguta kulima maharagwe, mbali na unga, na dawa ya kuvuta nilipewa pamoja na matusi ya namna ya kuitumia. Niliambiwa nirudi apime kama kifua kimetulia. Niliporudi, chumba kilikuwa kimya.

Mashini imekufa, walisema. Mji mzima ulikuwa na maneno yake. Wengine walisema ameiuza Uganda. Wengine, na hao walikuwa madaktari wenzake, walisema alichoka, alitaka sifa na ameipata. Wagonjwa waliotoka mbali walimtukana uwanjani. Yeye, ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila kulijibu, alinyamaza. Aliweka sikio kwenye migongo yao akawapima kwa kusikiliza tu. Nilikasirika naye pia. Nilifikiri: mtu aliyemwambia kapiteni kaa, anashindwaje kutafuta fundi wa kisanduku kile? Baadaye alihamia Beni, na sikusikia tena habari zake.

Nilimwona mara ya mwisho wakati wakubwa wa vita walikuwa wameanza kutia sahihi mikataba yao ya amani na barabara imefunguka kidogo. Nilipata habari kwamba anafanya kazi kwenye dispansari ndogo Beni, nikachukua jogoo nikaenda. Alikuwa amekonda, anakaa uani kwenye kiti cha mbao, foleni ya wamama mbele yake. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Mutu wa mikate. Unatumia dawa kila siku?"

"Kila siku, Mama Docta. Nimekuja kusema wasingya," nikamshukuru kwa Kinande, nikatoa jogoo kwa mikono miwili. "Bila weye ningekufa kwenye ile milima."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Asante ya nini? Ya kuhakikishia mwizi kama hausemi bongo? Weye ungekuwa na mapafu ya simba, bangekuwa na haki ya kukubebesha? Ungepaswa kwenda nyumbani kwako bila karatasi yoyote!" Wamama wa foleni waligeuka. Akashusha sauti. "Unajua yule kapiteni alirudi? Nyuma yako tu. Aliniletea vijana, wengi, bamefungwa kamba. Akasema: Docta, bapime bote na mashini ya muzuri, bale bagonjwa nitabaacha, bale bazima babebe. Alifurahi. Alidhani ananisaidia."

"Na weye?"

"Nilibaangalia. Karibu bote bazima. Bangepuliza muzuri sana, na mimi ningebapigia kelele bapulize zaidi. Nikasema mashini imekufa. Nilikuwa nimetoa ile kitu kidogo inazunguka kwenye bomba, iko kwenye soksi yangu. Nikabaambia mimi docta siwezi kujua mutu muzima bila mashini, na sitii sahihi. Alipiga meza. Alibarudisha na hasira. Wangapi alibebesha kisha, sijui. Mais hapana na mukono wangu."

"Juu ya nini hukutuambia? Batu balikutukana."

"Ningeambia nani? Kila nyumba ilikuwa na masikio. Na kila mwezi alituma mutu kuuliza kama imepona."

Niliuliza kuhusu wagonjwa wa miezi ile, waliotembea kutoka Lubero kuja kupimwa.

"Balikosa kipimo. Bengine nilibatambua na masikio. Bengine nilikosea. Usinitafutie neno la kunituliza, haiko. Na usiniletee asante. Kasirika. Nenda nyumbani ukasirike."

Hata hivyo alimchukua jogoo. Alimfunga mguu kwenye kiti, akamwita mama aliyefuata.

Nilitoka Beni mchana, juu ya lori la mbao. Kwenye barriere, kizuizi cha barabarani, ya kwanza askari walitusimamisha, wakatuamuru wanaume tushuke tuwahamishie magunia kutoka gari moja hadi jingine. Wenzangu walishuka. Mimi nilishuka pia, nikasimama pembeni.

"Weye juu ya nini hapana kubeba?" aliuliza askari mmoja, kijana. "Uko mugonjwa?"

Dawa ilikuwa mfukoni. Ningeitoa tu, ningekohoa kidogo, wangeniacha.

"Hapana," nilisema. "Mimi siko mugonjwa. Nimekataa."

Alinipiga kofi, kofia yangu ikaanguka vumbini. Nilingoja la pili. Halikuja, mwenzake alimwita kutoka kwenye gari, akaniacha. Niliokota kofia, na kwa kuwa dereva, kwa kuogopa askari, hakutaka tena kunibeba, nilianza kutembea kwenda Kalunguta.